Je, Wajua? Usiku Bila Lepe la Usingizi, Asubuhi Kilomita 25

Kaskazini mwa Hispania kuna njia ya miguu ambayo watu wameifuata kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakielekea mji wa Santiago de Compostela, ambako Wakristo wengi wanaamini amezikwa Mtume Yakobo. Wenyeji huiita Camino. Mchana mahujaji hukata masafa; usiku hulala mabwenini, vitanda vya ghorofa vikiwa vimepangwa safu kwa safu, na hapo ndipo visa huanza. Haya ni maajabu ya siku moja ya safari hiyo, tangu taa zinapozimwa hadi miguu inapovuliwa viatu kesho yake. Ni njia ya mbali na kwetu, lakini utashangaa ni mara ngapi simulizi lake linapita Kizimkazi, Ziwa Eyasi na Nairobi.

Taa huzimwa jua likiwa bado halijatua

Mabweni mengi ya Camino hufunga milango na kuzima taa saa 4 usiku. Lakini mwishoni mwa mwezi Juni, mjini Santiago, jua huzama yapata saa 4 na dakika 18 usiku! Hispania iko magharibi kabisa mwa Ulaya, ila tangu 1940, enzi za Jenerali Franco, saa zake zimekwenda sambamba na za Ujerumani. Majira ya kiangazi mishale ya saa husogezwa mbele tena, na hivyo jua la utosini linafika karibu saa 8 na nusu mchana. Kwa sisi tunaohesabu saa kwa kufuata jua, nchi hiyo nzima inaishi kabla ya wakati wake.

Mwanga una neno lake katika usingizi: ukipita machoni, ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Hujaji amelala, kuta bado ni nyeupe kwa mwanga, na mwili haujaamini kama ni usiku.

Mkoromo mmoja umewahi kupimwa ukafika desibeli 93

Rekodi hiyo iliwekwa Uswidi mwaka 1993, hospitalini, kwa mwanamume mwenye tatizo la kuzibika njia ya hewa usingizini. Sauti ya kiasi hicho ni ya mashine ya kukatia nyasi iliyo karibu nawe, na katika nchi za Ulaya mfanyakazi hulazimika kuvaa kinga ya masikio kelele ikifika desibeli 85. Mkoromo hutokea pale nyama laini za nyuma ya kinywa zinapolegea, hewa ikapita kwa kubanwa na kuzitikisa. Kulala chali huuzidisha, kwa sababu ulimi hurudi nyuma. Pombe nayo huuzidisha, kwa sababu hulegeza misuli ya koo. Na chakula cha jioni cha mahujaji, kwa desturi ya Hispania, mara nyingi huja pamoja na divai. Yaani mkoromo wa bweni zima umeandaliwa mezani!

Nusu ya ubongo wako hushika zamu ugenini

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukilala mahali pageni kwa mara ya kwanza, ubongo wako haulali wote. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wakiwemo Masako Tamaki na Yuka Sasaki, walipima ubongo wa watu waliolala maabara, wakakuta kwamba usiku wa kwanza upande wa kushoto husinzia kijuujuu ilhali wa kulia umezama. Walipotoa mlio mdogo usio wa kawaida kwenye sikio la kulia, ambalo habari zake nyingi huenda upande wa kushoto wa ubongo, wenyewe walizinduka upesi. Waliporudi kulala hapohapo siku nyingine, tofauti ile ilikuwa imetoweka. Ubongo ulikuwa umeshapazoea.

Sasa tazama kanuni ya mabweni ya umma ya Camino: mtu asiye mgonjwa hulala usiku mmoja tu, kesho aondoke. Kesho bweni jingine, keshokutwa jingine, na kila usiku ubongo una sababu mpya ya kuweka mlinzi. Ule usingizi wa mang'amung'amu, unasikia kila kitasa na kila zipu, ni ulinzi wa zamani sana unaoendelea kufanya kazi yake.

Pomboo wanaocheza mbele ya Kizimkazi, Unguja, hulala hivyo maisha yao yote: nusu ya ubongo inapumzika, nusu inauongoza mwili upande juu kuvuta pumzi. Na bata je? Mwaka 1999 ilionyeshwa huko Indiana, Marekani, kwamba bata wakilala kwa safu, aliye pembeni kabisa hulala jicho moja likiwa wazi, lile linalotazama nje ya kundi. Walio katikati hufumba yote mawili.

Kati ya siku 20, Wahadzabe walilala wote kwa pamoja dakika 18 tu

Watafiti walikwenda kwa Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wakawavalisha watu wazima 33 vifaa vidogo mkononi vya kupima usingizi. Matokeo yalichapishwa 2017. Katika siku zote 20 za kipimo, muda ambao kila mmoja wao alikuwa amelala kwa wakati mmoja haukuzidi dakika 18. Saa nyingine zote za usiku palikuwa na mtu macho: huyu anageuka, yule anachochea moto, mwingine amenyanyuka kwenda nje. Wazee waliwahi kulala na kuwahi kuamka, vijana wakachelewa kulala, na kwa tofauti hiyo ya umri kambi ikawa inalindwa bila mtu kupangiwa zamu.

Watafiti hao, akiwemo David Samson, wanaona kwamba usingizi mwepesi wa uzeeni huenda si kasoro bali ni huduma ya babu na bibi kwa ukoo. Mimi nimelipenda wazo hilo mno. Bweni lenye wageni 40 wa kila umri, mmoja akikohoa saa 7, mwingine akitafuta maji saa 9, mwingine akifunga begi saa 11 kasoro, linafanana sana na jinsi binadamu walivyolala kwa miaka mingi kabla ya chumba cha mtu mmoja kuwako.

Kunguni ni wakongwe kuliko popo

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kunguni walianzia kwa popo, kisha wakahamia kwa binadamu mapangoni. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2019 uliwapa umri wa takribani miaka milioni 115, wakati dinosauri walikuwa bado wanatembea na popo hawajatokea. Kunguni hufuata joto na hewa ukaa unayoitoa puani, na anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Ndiyo maana mabweni mengi ya Camino yana vitanda vya chuma na magodoro yaliyofunikwa plastiki, na katika jimbo la Galicia mgeni hukabidhiwa shuka na foronya za kutumia mara moja na kutupa.

Njia ina alama za manjano kwa sababu ya padre mmoja

Ukitoka alfajiri mbichi na tochi ya kichwani, kitu cha kwanza unachokitafuta ni mshale wa manjano. Uko juu ya ukuta, juu ya mti, juu ya jiwe, juu ya lami. Mtu aliyeianzisha mishale hiyo ni Elías Valiña, padre wa kijiji cha mlimani cha O Cebreiro, aliyetafiti historia ya Camino kwa ajili ya shahada yake ya udaktari. Mwaka 1984 alijaza gari lake rangi, akaendesha kuanzia upande wa Ufaransa akichora mishale kwa mkono wake, kipindi ambacho njia ilikuwa karibu kusahaulika. Alifariki 1989.

Mwaka 1986 ofisi ya mahujaji ya Santiago ilihesabu watu wasiofika 2,500 waliomaliza safari. Mwaka 2024 ilihesabu karibu 499,000, yaani wastani wa zaidi ya watu 1,300 kwa siku. Idadi ya mwaka mzima wa wakati ule sasa hufika kwa siku mbili.

Saa 17 bila kulala zinakulevya bila tone la pombe

Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Australia la Drew Dawson na Kathryn Reid. Watu waliokaa macho saa 17 walifanya kazi ya macho na mikono kwa udhaifu uleule wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya hazimruhusu dereva kukivuka. Walipofikisha saa 24, wakawa sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.10. Kwa mtembeaji aliyekesha, basi, hatari kubwa ya asubuhi iko pale njia inapokatiza barabara ya magari.

Mwili uliokesha una nguvu. Kinachochoka mapema ni hisia

Jaribio la mwaka 1981 liliwatembeza watu kwa kasi kubwa kwenye mashine baada ya kukaa macho saa 36. Moyo ulidunda kama kawaida, hewa iliyotumika ikawa ileile, ila watu wenyewe waliona kazi ni nzito zaidi na wakakata tamaa mapema kwa wastani wa asilimia 11. Kilomita 25 zikipunguzwa asilimia 11 unabaki na kilomita 22 na kitu. Kwa usiku mmoja mbovu, hasara hiyo si kubwa! Mlima haujaongezeka urefu, na mapafu ni yaleyale ya jana.

Siku ya kwanza ya Camino hupanda kuliko siku ya kwanza ya Kilimanjaro

Wanaoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, hutoka kwenye mwinuko wa kama mita 170 na kufika kwenye kipito cha Lepoeder, mita 1,430 hivi, kabla ya kushuka hadi Roncesvalles. Ni zaidi ya mita 1,200 za kupanda ndani ya kilomita 20 na ushei. Kwa njia ya Marangu, kutoka lango la hifadhi hadi vibanda vya Mandara, mpanda Kilimanjaro hupanda mita zisizofika 900. Njia hiyo ya juu ya Pyrenees hufungwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31 kwa sababu ya theluji na ukungu.

Kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Santiago ni karibu kilomita 780, umbali unaokaribiana na ule wa barabara kutoka Nairobi hadi Moyale. Wengi huumaliza kwa mwezi mmoja na siku kadhaa. Kwa hatua za kawaida za mtu mzima, hizo ni hatua zaidi ya milioni moja.

Robo ya mifupa yako yote iko kwenye miguu miwili

Kila mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Miwili ni 52, kati ya mifupa 206 ya mwili mzima. Ifikapo mchana miguu huvimba, ndiyo maana wazoefu hununua viatu vya safari jioni na kuchukua saizi iliyozidi kidogo ya ile ya kila siku. Uzito wa kiatu nao si mchezo: gramu 100 mguuni hukugharimu nguvu kama za gramu 500 hivi mgongoni, kwa kuwa mguu huinuliwa na kurushwa mbele kila hatua.

Wanawake wa Kenya waliwaduwaza wanasayansi kwa namna wanavyobeba mizigo

Ushauri unaorudiwa sana kwa watembeaji wa Camino ni kwamba begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wa mwili. Mwaka 1986, katika jarida la Nature, Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walieleza jambo lililowashangaza wengi: wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani, na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia hewa zaidi ya walivyotumia wakitembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 70 hizo ni kilo 14. Askari waliobeba mabegi mgongoni walilipa kwa nguvu kila kilo waliyoongezewa.

Siri yake ilifafanuliwa 1995. Kila mtu anapotembea, mwili hupanda kidogo juu ya mguu uliosimama kisha hushuka mbele, na nguvu ya kushuka husaidia kupanda tena. Wengi wetu hupoteza sehemu ya nguvu hiyo katikati ya hatua. Wanawake wale, wakibeba mzigo, waliipoteza kwa kiasi kidogo kuliko watu wengine, kwa ufundi walioupata tangu utotoni. Majaribio ya baadaye Afrika Kusini yalionyesha kwamba si kila mwanamke anayebeba kichwani ana kipaji hicho. Watu hutofautiana sana. Lakini ninapofikiria mahujaji wa Ulaya wakipima mabegi yao kwenye mizani, wakikata hata mpini wa mswaki kupunguza gramu, nawakumbuka akina mama hao kwa heshima kubwa.

Utepe wa karatasi wa bei ndogo hupunguza malengelenge

Lengelenge halitokani na joto la kiatu peke yake. Mfupa husonga, ngozi hubaki imenasa kwenye soksi, na tabaka za ngozi huvutana hadi zikaachana. Nafasi ile hujaa maji. Unyevu huzidisha kunata, ndiyo maana soksi mbichi ni adui. Mwaka 2016 kundi la madaktari lililoongozwa na Grant Lipman wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitoa matokeo ya wakimbiaji 128 wa mbio za kilomita 250. Sehemu moja ya mguu ilibandikwa utepe wa karatasi wa hospitali, ule wa kushikizia bandeji, kabla ya kuanza. Sehemu nyingine ikaachwa hivyohivyo. Malengelenge yalipungua kwa asilimia 40 palipobandikwa.

Aliyekesha anahitaji utepe huo kuliko wengine. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ubongo wa mtu aliyekosa usingizi hupokea maumivu kwa ukali zaidi: joto lilelile lililowekwa mguuni lilimuuma mapema zaidi kuliko siku aliyolala.

Kahawa haikuongezei nguvu. Inaziba mlango wa uchovu

Unapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuutuliza. Kafeini hukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, na habari za uchovu hazifiki. Inahitaji kama dakika 20 au 30 kuanza kazi vizuri. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipowajaribu madereva wenye usingizi mwaka 1997, waliofanya vizuri zaidi ni wale waliokunywa kahawa kwanza kisha wakajinyoosha kwa usingizi mfupi usiofika dakika 15. Wanapoamka, kafeini ndiyo inaingia kazini. Kwenye Camino, ambako karibu kila kijiji kina baa yenye kahawa ya maziwa na kiti cha kivulini, huo ni ushauri wa dhahabu. Ila kumbuka kwamba nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa kama 5, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni kitakukuta kitandani.

Kuna bomba la divai ya bure kando ya njia

Nje kidogo ya mji wa Estella, karibu na monasteri ya zamani ya Irache, kampuni ya divai iliweka mwaka 1991 mabomba mawili ukutani: moja la maji, jingine la divai nyekundu. Hulipi kitu. Maji nayachagua mimi, hasa kwa aliyekesha, kwa maana pombe na kiu ya jua la huko havipatani.

Kanisani kuna banda la kuku

Kanisa kuu la Santo Domingo de la Calzada lina kibanda kilichopambwa, juu ukutani, ambamo hukaa jogoo na tetea walio hai. Hubadilishwa mara kwa mara, na jogoo huwika misa ikiendelea. Hekaya inasema kijana hujaji alinyongwa kwa kusingiziwa wizi, wazazi wake wakamkuta bado hai mtini. Hakimu aliyekuwa mezani akasema kijana huyo yu hai sawasawa na kuku wa kuchoma waliokuwa kwenye sahani yake, na hapohapo kuku wakainuka wakawika.

Jua hukuunguza upande mmoja tu

Camino huelekea magharibi karibu wakati wote, na huko Hispania jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, tofauti na Afrika Mashariki ambako hupita kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine. Hujaji huamka na kivuli kirefu mbele yake, kisha kwa saa nyingi jua humpiga kushoto. Shavu la kushoto, sikio la kushoto na shavu la mguu wa kushoto huiva kwanza.

Kilomita 17 bila kijiji

Baada ya Carrión de los Condes, kwenye uwanda mpana uitwao Meseta, njia hunyooka juu ya barabara ya kale ya Warumi hadi Calzadilla de la Cueza. Katikati hakuna kijiji hata kimoja na vivuli ni vya kuhesabu. Calzadilla iko bondeni kidogo, kwa hiyo huioni mpaka umeshaifikia.

Mapema zaidi, kabla ya Burgos, njia hupita chini ya vilima vya Atapuerca, ambamo yamepatikana mabaki ya watu wa kale yenye umri wa zaidi ya miaka 800,000, na katika shimo jingine mifupa ya watu 28 hivi wa miaka kama 430,000 iliyopita. Wengi huupita mlima ule bila kujua, wakitazama vidole vyao vya miguu.

Ukikosa usingizi, tumbo huomba fidia

Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Chicago la mwaka 2004, vijana 12 wenye afya walilala saa 4 kwa usiku kwa siku mbili. Homoni ya njaa ilipanda asilimia 28, homoni ya shibe ikashuka asilimia 18, na hamu ya kula, hasa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga, ikaongezeka. Galicia ina jibu zuri kwa njaa hiyo. Mji wa Melide, ulio bara, umbali wa kilomita 50 na kitu kwa miguu kabla ya Santiago, unasifika kwa pweza! Huchemshwa, hukatwa kwa mkasi, huwekwa kwenye sahani ya mti na kunyunyiziwa mafuta ya zeituni, chumvi na unga wa pilipili nyekundu. Aliyezoea supu ya pweza Mombasa au Forodhani hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kitabu cha kwanza cha mwongozo wa njia hii kina karibu miaka 900

Kimo ndani ya Codex Calixtinus, hati ya karne ya 12, nacho kinaonya juu ya mito yenye maji mabaya na kueleza vyakula na tabia za watu wa kila jimbo. Safari imegawanywa kwa hatua 13 tu, ndefu kiasi kwamba baadhi inasemwa wazi kuwa ni za kwenda kwa farasi. Hati yenyewe iliibwa katika kanisa kuu la Santiago Julai 2011, ikapatikana mwaka mmoja baadaye ndani ya gereji ya mtu aliyekuwa fundi umeme wa kanisa hilo.

Chetezo cha kilo 53 kinaruka kwa kasi ya gari

Ndani ya kanisa kuu la Santiago huning'inia chetezo kiitwacho Botafumeiro, kirefu karibu kimo cha mtu. Watu wanane huvuta kamba kwa pamoja, na chetezo huyumba karibu kuigusa dari kwa kasi inayofika kilomita 68 kwa saa, moshi wa ubani ukikifuata. Inasimuliwa kwamba zamani kilisaidia kufukuza harufu ya mahujaji waliolala ndani ya kanisa. Ama cheti cha safari, hupewa aliyetembea angalau kilomita 100, na hutakiwa kugonga mihuri miwili kila siku.

Usingizi uliopotea haulipwi saa kwa saa

Randy Gardner, kijana wa miaka 17 wa San Diego, Marekani, alikaa macho siku 11 mfululizo kuanzia mwishoni mwa Desemba 1963 hadi Januari 1964, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule. Alipoachiwa kulala, alilala kama saa 14 na dakika 40 tu. Usiku uliofuata ukawa wa saa 10 na nusu hivi. Mwili ukipata nafasi huchota kwanza usingizi mzito, ule unaokarabati misuli na kupanga kumbukumbu, na mwingine huuacha upotee. Kwa hiyo hujaji aliyekesha jana anaweza leo kulala fofofo katikati ya kelele zilezile zilizomtesa. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliacha kupokea majaribio ya kukesha mwaka 1997, kwa sababu ya hatari zake kwa afya.